Jina Lililochomelewa

Mjukuu wangu Mulamba,

Hapa Fridley baridi inauma, lakini tunapumua. Mama yako amepata kazi ya kutunza wazee kule Golden Valley, na bibi yako bado anagombana na theluji mlangoni. Umeniuliza kama ukubali shefu wako wa kazi huko Texas akuite Mike, eti Mulamba linamshinda.

Sikiliza. Wakati wa vita nilikuwa nikipaka rangi meli bandarini Kalemie, kule kwetu. Meli yetu ya mizigo iliitwa kwa jina la mwenye meli, mfanyabiashara Mulamba, aliyevusha wakimbizi bure. Askari wakaniamuru niling'oe jina hilo, niandike la komanda wao. Herufi zilikuwa za chuma, zimechomelewa ubavuni. Nikawadanganya: "Nikizing'oa, meli itatoboka izame nanyi."

Wakaogopa. Nikapaka jina la komanda juu yake, mkono mmoja tu wa rangi, tena nyepesi. Mvua chache, komanda akachujuka. Mulamba akabaki, na watu walimpapasa wakipanda.

Ndiyo maana ulipozaliwa nilikupa jina hilo. Shefu wako ajifunze kulitamka. Wenye bunduki walishindwa kulifuta. Yeye ana kalamu tu.

Babu yako,
mpaka rangi mwongo