Nyota Iliyovuka Juu ya Kilibula

Jumatatu, 13 Aprili 1964
Leo tena jiometria darasani. Maître, mwalimu wetu wa sayansi, amenipa zamu: Ijumaa nieleze darasani jinsi watu walivyoitafuta mbingu. Nimeanza na babu zetu, waliofuata mwezi ili wajue siku za giza za kuvua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Halafu Mwitalia na bomba lake la vioo la kutazamia nyota. Halafu Mrusi aliyeizunguka dunia. Naogopa kusimama mbele ya watu. Nitasimama.

Alhamisi, 16 Aprili
Watu wa kijiji cha Katogota wanapita na magodoro kichwani. Vita iko uwandani, kule wanakotoka. Shule imefungwa; kesho sitasimama. Nimekasirika. Naona haya kukasirikia jambo dogo hivi.

Jumamosi, 18 Aprili
Jua lilipozama tu, nyota moja ilivuka anga polepole. Watu wote wa hapa kwetu Kilibula wakapaza sauti: ndege ya vita. Baba akaamua tuvukie Burundi papo hapo. Ziwa lilikuwa limechafuka. Mtumbwi ni wa watu wanne, sisi tuko wanane, na dada Eliza mimba yake imetimia.

Niliijua nyota ile. Ni baluni kubwa ya Wamarekani, imerushwa juu kabisa, inazunguka dunia iking'aa kwa jua; maître alituonyesha, akasema hurudi baada ya saa mbili hivi. Nikamshika baba shati.

"Baba, ile haiko ndege. Haina mlio."

"Weye, hivyo vitabu vitatuua."

"Itarudi kabla ya kulala, upande wa milima. Isiporudi, minye mwenyewe nitapiga kasia."

Mama Sifa, jirani yetu, akacheka. "Huyu hata chumvi anaiomba kwa kutikisa kichwa. Leo anasema? Mumungoje."

Tukangoja. Eliza ameketi juu ya mzigo, baba amesimama na kasia. Niliogopa kuliko siku zote. Ikatokea, chini kidogo, karibu na milima. Kimya kabisa. Baba akaweka kasia chini.

Jumapili, 19 Aprili
Majirani ambao hawakungoja, waliovuka jana usiku, wamerudi. Mtumbwi wao ulipinduka. Wote wazima, mizigo yote imeliwa na ziwa. Hakuna aliyenisifu. Sikutaka.

Jumanne, 21 Aprili
Eliza amejifungua binti, juu ya mkeka mkavu. Bunduki zinasikika upande wa uwanda, sasa ni kweli. Baba aliniuliza, mbele ya wajomba, tufanye nini. Nikasema vita siijui. Tuvuke asubuhi, kweupe, upepo ukilala. Wamekubali.

Nimefunga vitabu viwili ndani ya kitenge cha mama. Vingine vinabaki. Mtoto analala.