Mama Hunong'ona Simuni

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, lakini nikuambie kabla hujafika mbali kwamba nina hasira, na hasira yenyewe ni ya mama yangu mzazi, kwa hiyo kama wewe ni wa kusema mama hakosei, basi barua hii iweke pembeni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nina haya mpaka mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua nanyamaza, mambo yangu nayaandika kuliko kuyasema, ndiyo maana nakuandikia.

Mama yuko nchi ya mbali, huu mwaka wa pili, anamtunza bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwa watoto wa huyo bibi, nami naishi na mama mdogo ambaye ni msusi. Mama alipofika kule ilibidi tuchague huduma ya kupigiana simu kwa intaneti, na kwa kuwa mimi nasoma kwa Kiingereza shuleni na Kiswahili ndicho cha nyumbani, kazi ya kusoma yale masharti marefu nilipewa mimi, mama mdogo akaniita Profesa, na kusema kweli nilivimba kichwa. Mama akauliza kama hakuna ile ya kupiga kwenye laini ya kawaida, nikamcheka, nikamwambia hizo ni za wazee, nikachagua ya video kwa sababu nilitaka kuuona uso wake, nikamwelekeza hatua kwa hatua mpaka akaweza, naye akasema, "Haya, Profesa, wewe ndiye unayejua."

Sasa sikia. Uso nauona lakini mama simpati. Kila akipiga amesimama, hajawahi kukaa hata siku moja, nyuma yake kuna rafu ya mashuka na taulo zilizokunjwa, ananong'ona kama mtu aliyeiba, macho yakiwa pembeni, nikimwambia nimekuwa wa tatu darasani anasema vizuri mwanangu, nikimwambia jino linaniuma usiku kucha anasema vizuri mwanangu. Na upande wangu ndiyo balaa, maana waifai iko saluni tu, kwa hiyo nakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele huku wateja wamejaa, mama mdogo ananipokonya simu na kuigeuzia kwa wateja, anasema, "Dada, zungusha hiyo kamera tuone nyumba ya matajiri, au wamekufungia stoo?" Wateja wanacheka, mama anacheka kidogo, anakata. Mimi mbele ya wale watu la moyoni halitoki hata unichome sindano.

Mwezi uliopita mama aliandika kwamba mkataba wake unaisha na wanataka aongeze miaka miwili. Mshauri, miaka miwili nitakuwa nimemaliza shule, atarudi kumlea nani? Nilijikaza wiki nzima, Jumapili nikasubiri mteja wa mwisho awekwe chini ya draya la kukaushia nywele, livume asisikie kitu, na mama mdogo awe ametoka, mama alipopiga nikamwambia, mama usisaini, rudi nyumbani. Akaangalia pembeni. Akasema, "Vizuri, mwanangu. Tutaongea." Akakata.

Tutaongea lini? Nikamwandikia, "Usinipigie tena, ongea na mashuka yako," nikamfungia namba. Leo ni siku ya kumi na moja. Amempigia mama mdogo mara nne ananiulizia, nami nasema nina mtihani, na mama mdogo anasema dada yake amekolea ugenini. Anasaini mwisho wa mwezi huu. Je, nimwache asaini nijue moja kwamba sina mama, au nitafute huduma nyingine, maana labda hii niliyochagua ndiyo mbovu?

Ni mimi, niliyechoka na "vizuri"

*

Profesa,

Huduma uliyochagua haina ubovu wowote. Ubovu uko kwa aliyechagua, na leo nitakusema kwanza, kusaidiana baadaye.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika kukushinda. Simu ya video inataka intaneti pande zote mbili. Yako ni ya saluni. Ya mama yako ni ya nani? Mtu anayesimama kila siku mbele ya rafu ya mashuka, ananong'ona na kuchungulia pembeni, yuko ndani ya nyumba ya waliomwajiri, kwa waifai yao, na kuna mtu karibu. Umemuuliza habari za mkataba masikioni mwa wenye mkataba! Hata kama Kiswahili hawakijui, uso na sauti ya mtu anayelalamika wanavijua. Ulitaka akujibu nini? Wewe unaganda mbele ya wateja ambao jioni wataondoka na misuko yao, halafu mama yako unamtaka amwage moyo mbele ya watu anaokula na kulala kwao. Hizo haya zako unadhani umezirithi kwa nani?

Na alikuomba. Aliulizia laini ya kawaida, ukamcheka. Hakuuliza kwa ushamba, binti yangu. Alishaiona nyumba ile, wewe hujaiona.

Nawe mama mdogo, maana najua magazeti hufika saluni: dada yako si sinema ya wateja. Mwachie mtoto simu.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujala, mfungulie mama namba. Usimpigie. Mwandikie: "Mama, nisamehe. Ni siku gani unatoka nje ya nyumba hiyo ukiwa peke yako, na laini yako ya huko ni namba gani?" Basi. Mkataba usiutaje, ujumbe husomwa na macho mengi. Akijibu, ndipo utafute huduma ambayo wewe unapiga kwa intaneti ya saluni, kwake inaita kwenye laini ya kawaida, hata akiwa na simu ya vitufe kwenye kituo cha basi. Soma masharti kama ulivyosoma mwanzo, hilo unaliweza: inafika kwenye simu za mkononi za nchi ile au za mezani tu? Nchi yenyewe haizuii? Weka salio dogo, jaribu dakika moja, sikiliza kama sauti inakatika. Na usichukue ile inayosifiwa na wenzako darasani, wao hawampigii mama yako.

Siku ikifika, toka kwenye kiti hicho. Taulo za saluni huanikwa mahali, nadhani ni uani, na waifai haishindwi na ukuta mmoja. Simama hapo katikati ya taulo, kama mama yako anavyosimama siku zote, umuulize upya. Ukishauliza, nyamaza. Anaweza kusema anarudi. Anaweza kusema anasaini, akakupa sababu ambayo hutaipenda hata kidogo. Lakini safari hii atakuambia kwa sauti yake yote.

Mwisho wa mwezi haukusubiri. Weka gazeti chini, ufungue hiyo namba.