Sweta la Mwenzangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote nataka kujua goti lako la kulia linaendeleaje. Kaka aliniambia kwenye simu kwamba limepona, lakini kaka tangu utotoni kila kitu kwake kimepona. Kama bado linauma ukipanda ngazi, usimfiche daktari kama unavyotuficha sisi. Na baba je, bado anasoma gazeti la juzi na kubishana nalo? Msalimu sana. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila vidole vimechubuka kidogo kwa kazi ya kusaga lenzi, jambo ambalo umeshalizoea.

Kifurushi chako kilifika Jumatatu. Nilikifungulia palepale dukani, katika chumba cha nyuma chenye mashine yangu na ile ndoo ya maji meupe, na Mama Fremu, mwenzetu anayewauzia watu fremu pale mbele, akamwacha mteja akaja kuchungulia. Masweta mawili, la bluu na la kijivu, na kikaratasi chako: la bluu langu, la kijivu la mwenzangu wa safari, na asipolitaka nivae mimi. Mama Fremu aliuliza kama unapokea oda. Nikamwambia hupokei, maana humfumii mtu usiyempima. Nilimsimulia kuhusu kopo lako la vifungo lenye nyuzi zetu zote, kila mtoto na uzi wake wenye mafundo, fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kiuno. Nilimsimulia pia jinsi ulivyompima mkwe wako mgongo siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, kabla hata hujamuuliza habari za kwao. Alicheka mpaka yule mteja akajiondokea.

Sasa habari za safari, maana uliniambia nikueleze yote ili moyo wako utulie. Ni wiki tano, nchi mbili, begi moja la mgongoni. Kila mji mpya nitauingia mchana. Basi au treni inayofika usiku siipandi, hata iwe ya bei ya kutupa. Usiku tatu za kwanza nimeshajiwekea kitanda katika hosteli yenye chumba cha wanawake watupu, na niliwapigia simu kuuliza kama mlango una komeo la ndani. Aliyepokea alijibu bila kushangaa, nikajua si mimi wa kwanza kuuliza. Nimenunua kabari ya mpira ya kusukumia chini ya mlango. Nakala za pasipoti zitakaa mahali pawili tofauti, na kila jioni nitatuma ujumbe nyumbani hata kama sina la kusema. Nina pia filimbi ya kuvaa shingoni. Niliijaribu dukani, bosi akamwaga chai.

Begi lenyewe nimejiwekea sheria lisizidi kilo nane. Kila nikitoka kazini nalijaza chupa za maji na kupanda nalo ngazi za jengo letu, ghorofa nne, mara tatu. Jirani wa ghorofa ya pili alinikuta siku ya kwanza akaniuliza kama nahama. Siku ya nne alinisimamisha, akaniambia kwa upole kwamba kama nyumba imenishinda, ana binamu yake mwenye chumba. Fundi wa mabegi naye ilibidi aihamishe zipu ya pembeni, kwa sababu huu mkono wangu wa kushoto, niliouvunja kwenye ngazi nikiwa na miaka saba, bado ni mfupi kwa vidole viwili na ulikuwa haufiki.

Uliniuliza huko nafuata nini, nami nikakujibu ovyo. Nakujibu sasa. Miaka kumi na moja nawasagia watu lenzi za kuonea mbali, na mbali nilikowahi kufika mimi ni stendi ya kwenu. Sina shida na kazi yangu, naipenda. Lakini kuna siku nilimpimia mteja miwani mbele ya dirisha, akasema anaona mpaka mnara wa simu kule mlimani, nikageuka kutazama nami, nikagundua sijawahi hata kujiuliza nyuma ya mlima ule kuna nini. Nilirudi kwenye mashine nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ya nani.

Anayenifunza mambo ya safari ni mteja wetu wa siku nyingi, mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Sisi dukani tunamwita Mwalimu Ramani. Amesafiri mara tisa, mara ya mwisho akiwa na miaka sitini na nne, na hajawahi kupoteza kitu isipokuwa mwavuli. Jumamosi alikuja kuchukua miwani yake, nikamwonyesha mpango wangu wote ulioandikwa. Alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akausahihisha kama mtihani. Akafuta hosteli moja kwa sababu iko mbali na kituo cha treni. Akaandika pembeni kwamba nisimwambie mtu nisiyemjua nalala wapi, hata awe na uso wa malaika. Halafu akaniuliza nakala ya mpango huu anayo nani nyumbani. Nikasema mama. Akauliza kama nakala ya mama ni hii hii. Nikachukua miwani yake nikaanza kuifuta upya.

Mwalimu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema filimbi na kabari na komeo ni vitu vizuri, lakini vyote ni vya pili. Cha kwanza ni mtu mmoja nyumbani anayejua ukweli mzima, unalala wapi, umevaa nini, uko na nani, kwa sababu siku ukipotea utatafutwa kwa maneno ya mtu huyo, na kama maneno hayo ni ya uongo watatafuta kitu ambacho hakipo. Kisha akavaa miwani yake, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki na mashine inazunguka, nikaiharibu lenzi ya mtu kwa kusaga upande niliokwisha kuumaliza.

Nilimkumbuka mama mdogo. Nilikuwa mdogo wakati ule, lakini sijasahau ulivyokuwa umekaa na simu mapajani. Alitwambia yuko mji mmoja, kumbe kazi ilishampeleka mji mwingine, na hakusema kwa kuwa hakutaka uwe na wasiwasi. Akaugua. Siku arobaini ulipiga simu hospitali baada ya hospitali katika mji ambao hakuwepo. Alirudi, tunashukuru, lakini tangu hapo wewe una neno lako moja: mtu hasafiri bila mwenzake, akianguka nani ataleta habari?

Mama, mwenzangu hayupo.

Hajaghairi, hajaugua, hatujakosana. Hakuwahi kuwepo. Siku ile uliponiuliza kwenye simu nakwenda na nani, nilijua nikisema peke yangu mazungumzo yamekwisha, nikasema na mwenzangu. Nilidhani litaishia hapo. Ukauliza anafanya kazi gani, nikasema nesi, kwa sababu nilijua utafurahi. Ukafurahi kweli, nami nikaona aibu, nikaongeza chumvi: ni mtu mzima, ana miaka arobaini, hanywi, analala mapema. Kila ukimtumia salamu nilikujibu kwamba naye anakusalimu. Mara moja ulisema unamwombea kila jioni, nikaitikia amina, nikabadilisha habari. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa miezi minne, na kila siku nilikuwa namwongezea yule mwanamke kiungo.

Sasa hebu fikiria ningepata tatizo huko. Ungewaambia polisi watafute wanawake wawili, mmoja nesi. Mtu akiniona peke yangu angesema siye. Nilitaka kukuondolea wasiwasi, kumbe nilikuwa nafanya uongo uleule wa mama mdogo, na yeye angalau alihama tu, hakujizulia mtu. Naomba unisamehe. Naomba msamaha kama mtoto, si kama mtu mzima anayejieleza.

Lakini kuna jambo, mama, na hili ndilo limenikalisha kuandika badala ya kupiga simu. Jumamosi ileile nilipofika nyumbani nilitoa masweta yote mawili. La bluu nikalijaribu, likanikaa. La kijivu nilitaka kulikunja nilifiche, halafu mikono yake ikalala juu ya meza vibaya, haikulingana. Nikaipima kwa rula ya kazini. Wa kushoto ni mfupi kwa vidole viwili.

Nililivaa. Bega langu, kiuno changu. Ndipo nilipokumbuka kwamba hukuniuliza kipimo cha huyo nesi hata siku moja, wewe ambaye hata kwa mjukuu ulitaka utumiwe uzi wa kipimo chake kwa posta. Sijui ulijua lini. Pengine siku ileile ya kwanza, maana sauti yangu unaisoma kuliko kaka anavyosoma meseji. Nilidhani nakuficha, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanistiri, unafuma mstari kwa mstari na kungoja niseme mwenyewe. Nililia, mama. Nililia mpaka nikalivua nisililoweshe.

Ndani ya bahasha hii kuna mpango wangu wa kweli, wenye wino mwekundu wa Mwalimu. Uweke kwenye kopo la vifungo, pamoja na uzi wangu. Ndege ni tarehe kumi na tisa, na barua hii itakufikia kabla. Kukufumia uongo mwingine siwezi, na kuondoka bila radhi yako siwezi. Basi nipigie. Ukisema nisiende, nitanuna mwaka mzima na utaniona nikinuna, lakini nitabaki. Ukisema niende, jua kwamba la bluu nalirudisha kwako ulitundike kwenye kiti changu, kwa sababu kilo nane ni kilo nane. Nitasafiri na la kijivu. Mtu yeyote akikuuliza nimevaa nini, useme sweta la kijivu, mkono wa kushoto mfupi, na yuko peke yake.

Msalimu baba, umweleze wewe kwa namna unayojua, akiwa ameshakula. Msalimu kaka, mwambie goti halijapona. Wabusu watoto wake.

Barua zote zilizopita nilizimalizia kwa salamu za mwenzangu. Leo hakusalimu. Nakusalimu mimi, mara mbili.

Ni mimi mwanao,
wa mkono mfupi