Hiram Kibe, Kosa la Siku Ile Bungoma Halikuwa Lako

Mwaka mzima umetimia leo, Kibe, tangu tulipokulaza katika shamba la Baba hapa Saboti. Siku ile tulipita na jeneza katikati ya mahindi yaliyoanza kukauka. Yalivunwa, tukapanda mengine, na haya nayo sasa yanakauka. Mama bado akisikia baiskeli langoni anainua kichwa.

Ni Mama aliyeniambia niandike ukumbusho huu. Nilimwambia atafute mtu aliyemaliza shule. Akasema, "Waliomaliza shule walikuwa mbali. Wewe ndiye ulikuwa na Kibe. Andika, Gathoni." Kwa hivyo ni mimi, dada yako mdogo, ninayekuandikia kwa niaba ya nyumba yote. Na kuna jambo moja nitakalolisema hapa ambalo sikukuambia ukiwa hai.

Tunakumbuka upole wako. Ulikuwa unakula ukoko wa ugali ili sisi tubaki na ule laini, ukidai ati ukoko ndio unaotia meno nguvu. Hukumpita mzee barabarani bila kushuka kwa baiskeli na kumsalimu. Mifuko ya suruali zako haikukosa vipande vya chaki, na mara nyingi nilisahau kuvitoa kabla ya kufua, vikawa uji ndani ya beseni. Hukunigombeza hata mara moja.

Nilipoacha shule darasa la sita ili kumwuguza Mama, hukunihurumia kwa maneno. Mama alipopata nafuu ulinichukua Kitale, kwenye chumba ulichokodi nyuma ya duka la mbao. Kilikuwa na kompyuta tatu kuukuu ulizozipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupika chai na kunakili. Hatukuwa na printa, kwa hivyo kila programu wanafunzi waliyoimaliza niliiandika kwa mkono katika daftari, herufi kwa herufi. Ulisema mwandiko wangu unasomeka kuliko kioo cha kompyuta. Baadaye, nikiosha vikombe, ulinieleza maana ya nilichokinakili. Ulieleza ukiwa umenipa mgongo, kwa sababu ulijua nikitazamwa usoni hata masikio yanaziba.

Katikati ya wiki ulifundisha Kitale, na Jumamosi ulienda Bungoma, katika chumba cha kanisa alichokuombea rafiki yako mwalimu Wabwile. Wanafunzi wako wengi hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta. Uliwafundisha kuandika programu kwa lugha ya Python. Somo ulilolipenda kuliko yote lilikuwa fanksheni, na ndilo walilolihofu kuliko yote. Siku ulipolianza pale Kitale uliwatoa nje wote, mkaenda kwa Mama Naim anayepika chapati karibu na msikiti. Mimi nilifuata nyuma na sahani.

"Mama Naim, nne," ulisema. Akakupa nne.

"Mama Naim, mbili." Akakupa mbili.

Ukawageukia. "Kuna mtu hapa amemfundisha kukanda unga sasa hivi? Si alijifunza zamani, mara moja tu? Sisi tunamwita kwa jina, tunampa hesabu, yeye anatupa chapati. Fanksheni ni hivyo. Unaandika kazi mara moja, unaipa jina. Ukiihitaji, unaiita."

"Na akipika asitupe?" aliuliza Beth, binti ya baba yetu mdogo.

"Basi umesahau kumwambia arudishe. Chapati zimeiva lakini ziko kwa sahani yake. Wewe utakufa njaa ukinusa harufu."

Mama Naim akaweka mikono kiunoni. "Mwalimu, mimi si kompyuta! Na hizo sita, nani anakula?"

Walizila wakirudi, wakicheka. Tangu siku hiyo uliwaruhusu wazipe fanksheni zao majina ya watu wanaowaheshimu, ili wasiziogope tena. Nilinakili fanksheni zenye majina ya wajomba, ya pasta, na moja ya Mama Naim mwenyewe.

Mwezi wa saba mwaka jana, chama cha wakulima kule Bungoma kilikuambia hivi: wakiona programu inayoweza kumsaidia mkulima, watakupa ukumbi karibu na soko pamoja na kompyuta sita walizopewa msaada. Hukulala vizuri wiki tatu kwa furaha. Uligawa kazi. Beth aliandika kule Kitale fanksheni ya mbegu: unaipa ekari, inakurudishia kilo za mbegu, kumi kwa kila ekari. Binamu yetu Kagwe, anayeishi na mama yake Bungoma, aliandika ya kupima: unaipa magunia, inakurudishia gorogoro, yale makopo ya kupimia mahindi sokoni, arobaini na tano kwa kila gunia. Kila mmoja aliweka yake katika disketi yake. Ulizijaribu moja moja, na kila moja ikajibu sawa.

Kwetu watoto huitwa kwa majina ya babu na nyanya zao. Guka wetu, yaani babu yetu Kimotho, ana wajukuu wanne wenye jina lake, na hakuna anayepotea, kwa sababu tunasema Kimotho wa Saboti, Kimotho mweupe, Kimotho wa mapacha, Kimotho wa Moi's Bridge. Beth alitaka kumheshimu guka, akaiita fanksheni yake kimotho. Kagwe naye, bila kumwuliza mtu, akaiita yake kimotho. Wewe ulizisoma siku tofauti. Jina ulilolisikia nyumbani tangu utotoni halikukushtua.

Lakini mimi ulikuwa umenieleza, nikiosha vikombe. Ulisema mtu akiandika fanksheni mbili kwa jina moja katika programu moja, ile ya pili inaifuta ya kwanza, na kompyuta hailalamiki wala haikuonyeshi kosa. Wanafunzi hukuwa umewafikisha hapo bado.

Jumamosi ya kuwaonyesha wakulima programu tulifika Bungoma mapema, lakini kompyuta ya kuazima ilichelewa. Uliziunganisha disketi mbili kuwa programu moja huku wageni wanaingia na kusalimiana. Niliinama mezani kukuwekea kikombe, nikaona kioo. Kimotho wa Beth juu, Kimotho wa Kagwe chini. Nikarudi mlangoni na birika, nikasimama, nikafungua mdomo.

Uliniona. "Gathoni, kuna neno?"

Watu wote wakageuka. Walikuwa wakulima kama thelathini, kofia zao juu ya magoti.

"Hapana," nikasema. "Ni chai tu."

Ukamwomba mwenyekiti wao, Mzee Kipketer, ataje shamba lake. Akasema ekari tatu. Ukaandika tatu, ukaiita fanksheni ya mbegu kwa jina lake, kimotho. Kioo kikajibu mia moja thelathini na tano.

"Kilo mia moja thelathini na tano?" Mzee Kipketer alisema. "Kwa ekari tatu? Bana, hiyo ni kupanda ama ni kumwaga?"

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akaongeza, "Hiyo kompyuta haijawahi kushika jembe!"

Ulijaribu tena, ikajibu vilevile. Ulifuta jasho kwa mkono wenye chaki, ukabaki na alama nyeupe kwenye paji la uso, na wakacheka zaidi. Beth alikuwa analia kwenye benchi la nyuma. Ukasimama ukasema, "Kosa ni langu, si la wanafunzi. Mniwie radhi." Walikunywa chai, wakakushukuru, wakaenda. Kompyuta sita zilipewa watu wengine. Ile ya kuazima ilirudishwa mchana huohuo, na programu yako ikiwa ndani yake.

Baada ya hapo ulikaa siku nyingi na zile disketi mbili. Ya Beth ilijibu thelathini kwa ekari tatu. Ya Kagwe ilijibu sawa kwa magunia. Ulitafuta kosa katika hesabu, na katika hesabu halikuwamo. Ukaniuliza, "Gathoni, unafikiri nilikosea wapi?"

"Mimi nitajua nini?" nilikujibu. "Sikumaliza hata darasa la sita."

Sikukuogopa wewe, Kibe. Ungecheka, ungenishika kichwa kama ulivyozoea. Niliogopa swali ambalo lingefuata, kwamba kwa nini sikusema pale pale. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikifika, lile swali lilikuwa limekua kubwa zaidi.

Darasa la Bungoma likafungwa. Wazazi walisema mwalimu mwenyewe hajui anachofundisha, na maneno hayo yalikufikia. Wanafunzi wa Kitale wakabaki watatu. Hukuwapeleka tena popote kujifunza, ulifundisha ukitazama ubao. Mwezi wa tisa malaria ikakupanda kichwani. Ulilala hospitali siku mbili. Siku ya pili ulifungua macho, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwa wapi?" Nilijua unauliza nini. Nilikulisha kijiko cha uji, nikakuambia upumzike kwanza, tutaongea ukipona.

Hatukuongea.

Mwezi uliopita niliwaeleza wazazi. Mama alifunika uso na leso. Baba akasema, "Enda useme Bungoma pia. Huko ndiko alikoaibishwa."

Nilienda na lile daftari la kunakilia. Mwalimu Wabwile alikusanya wanafunzi aliowapata, na Mzee Kipketer akaja na wenzake wawili. Nikachukua chaki, nikaandika fanksheni zote mbili ubaoni, moja juu, moja chini, nikapiga mstari chini ya kila jina. Wabwile alizitazama kidogo tu, akasema, "Uwi! Majina!" Akaziandika katika kompyuta vilevile. Ekari tatu, mia moja thelathini na tano. Akabadilisha jina la ile ya Kagwe, akaiita magunia. Ekari tatu, thelathini.

"Kumbe Mwalimu alikuwa sawa," Kagwe alisema.

Mzee Kipketer alivua kofia. "Kijana alituomba radhi," alisema, "na sisi tukanywa chai yake tukicheka."

Halafu akanigeukia. "Na wewe msichana, uliona siku ileile?"

Nikasema, "Niliona."

Akavaa kofia yake tena. Nilitamani anigombeze.

Kwa hivyo tunaomba kila aliyekuwa Bungoma siku ile, na kila aliyesikia habari zake kwa wengine, ajue kwamba Hiram Kibe alifundisha sawasawa. Beth na Kagwe walifanya kazi yao vizuri. Programu iliharibika kwa majina mawili yaliyofanana, na aliyeliona hilo kabla ya programu kujaribiwa alikuwa mimi, nikanyamaza. Wabwile amenionyesha jinsi ya kuandika hayo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari letu, na sasa wanafunzi wake wanaanza na ukurasa huo.

Nisamehe, kaka yangu. Nimelisema hili kaburini mara nyingi, lakini pale hakuna anayesikia. Wewe ulitaka tu kujua ilikuwa wapi. Ingenichukua pumzi moja kukuambia.

Unakumbukwa na wazazi wako, Mzee Kibe wa Saboti na Mama Ciru. Na guka wako Kimotho, anayeuliza habari zako kila Jumapili. Na dada zako, mkubwa wetu Ciru na mimi Gathoni. Na binamu zako Beth na Kagwe. Na mwalimu Wabwile wa Bungoma. Na Mama Naim na majirani wa Kitale. Na wanafunzi wako wote. Hakuna siku inayopita bila sisi kukutaja, na haitakuwepo.