Kidole cha Mgeni Rasmi Kwenye Redio Yako

Mpendwa Shangazi,

Serikali imekutambua. Naanza na hilo kwa sababu ulilisubiri miaka mingi na ukafa bila kulisikia. Waendeshaji wa redio za ridhaa, ninyi mnaorusha mawasiliano kwa hiari bila malipo, sasa wanahesabiwa rasmi katika mawasiliano ya dharura. Hapa Kibondo ilifanyika hafla ukumbini, na jina lako lilisomwa la kwanza. Ningependa kukwambia kwamba nililia kwa furaha. Nilitoka mle ndani bila kugusa sambusa zao, nazo hazikuwa na kosa lolote.

Unaukumbuka waya wako wa antena, kutoka mparachichi hadi mkaratusi nyuma ya nyumba? Siku moja jirani yetu Mama Jeni alianika kanga zake pale. Ukatoka mbio, chaki bado mkononi, maana ulikuwa unasahihisha mitihani ya fizikia. "Mama Jeni, kamba hiyo inaongea na Kasulu!" Naye hakugeuka hata kidogo: "Basi iwaambie Kasulu kanga zangu hazijakauka." Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Mimi nilikuwa nimejificha chumbani kwako na vitabu vyako, kama kila siku, kwa sababu sebuleni kulikuwa na wageni.

Mvua ilipokata barabara na simu zikakosa mtandao, ulimwita hewani Mzee Saidi, yule muuza vipuri wa Kasulu mwenye leseni kama yako. Damu inahitajika hospitali, ulimwambia. Lori la dawa za kambi ya wakimbizi ya Nduta limekwama. Nilikuwa nakaa miguuni pako nikisikiliza. Ukanifundisha desturi moja ambayo sijaiona katika kitabu chochote: mwenzako akimaliza kuongea, usikimbilie kujibu. Acha pengo la pumzi moja, kwa sababu huenda kuna mtu mwenye shida anayengoja nafasi ya kuingia. "Redio ina mdomo au masikio, haina vyote kwa pamoja," ulisema. "Ukishika kitufe husikii. Achia." Hata nilipomjibu Mama kwa haraka mezani, uliniambia vilevile: acha pengo.

Kisha akaja mtendaji wa kata na mgambo wawili. "Mwalimu, huo waya unaongea na nani? Bujumbura?"

"Unaongea na mwenye shida," ulimjibu. "Leo siyo wewe."

Ulimwonyesha leseni. Akasema karatasi siku hizi zinachapwa kila kona. Wakaukata waya mbele yetu, na mtaani watu wakaanza kunong'ona kwamba dada yake Baba ni jasusi. Ulipoufunga tena, nilikushikia ngazi. "Nataka watutambue," ulisema kutoka juu, "siyo wanipambe. Waache kukata tu."

Shangazi, wamekupamba.

Mshereheshaji wa hafla alikuwa yuleyule mtendaji. "Shujaa wetu! Mama yetu! Mimi binafsi nilikuwa nampa moyo sana!" Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Redio yako ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cheupe, na mtu alikuwa ameifunika kwa maua ya plastiki. Niliyaondoa. Mtendaji akayarudisha.

Mpango ulikuwa hivi. Mzee Saidi alikuwa njiani kutoka Kasulu kwa basi dogo, pamoja na wanafunzi waliokuwa waje kutuimbia. Ndani ya basi alikuwa na redio yake na betri, na angetusalimia akiwa safarini ili ukumbi uone jinsi kazi yenu inavyofanyika. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mgeni rasmi alipewa maiki yako, akaelekezwa asalimie kisha aachie kitufe.

Alisalimia. Halafu akaanza hotuba, kidole kikiwa palepale.

Taa nyekundu iliwaka na haikuzimika. Ulinifundisha maana yake: tunaongea, kwa hiyo hatusikii. Alishukuru kamati. Alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena kwa kutaja kila aliyekaa meza kuu. Nilimwendea mtendaji nikamnong'oneza, "Hajaachia kitufe. Walio njiani hawawezi kutufikia."

"Binti, kaa chini. Kuna ratiba."

Nikakaa. Unanijua mimi, ambaye nikichelewa shule nasubiri nyuma ya choo mpaka gwaride liishe, nisipite mbele ya watu. Lakini ile taa ilikuwa inanitazama. "Serikali haitamwacha mwananchi hata mmoja peke yake," alisema mgeni rasmi, nao wakapiga makofi. Nilisimama tena, nikaenda hadi mezani, nikamshika kidole gumba. Kilikuwa na jasho.

"Mheshimiwa, achia."

Aliachia kwa mshtuko. Na hapohapo sauti ya Mzee Saidi ikatoka: "...Kibondo, Kibondo, kuna anayenisikia? Gari limeingia mtoni, maji yanapanda..."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Walidhani ni maonyesho, Shangazi. Akina mama walipiga vigelegele. Mtendaji alipayuka kwenye kipaza sauti chake, "Teknolojia hiyooo!" Mtu alikuwa anaomba msaada, nao walimshangilia mpaka maneno yake yakazama.

"Nyamazeni!"

Huyo nilikuwa mimi. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Walinyamaza. Niliacha pengo, kisha nikashika kitufe, maana ulisema asiye na leseni asikiguse isipokuwa mtu akiwa hatarini. "Mzee Saidi, nakusikia. Endelea."

Basi lilikuwa limeteleza kwenye kalavati. Watoto wote walikuwa wametoka, isipokuwa mmoja aliyebanwa mguu na kiti. Simu hazikuwa na mtandao. Nilirudia kila neno kwa sauti, kama ulivyokuwa ukifanya. Dereva wa mgeni rasmi alitoka mbio bila kumwomba bosi wake ruhusa, Baba nyuma yake, wakaenda na lile gari kubwa jeupe.

Na hafla ikaendelea! Ndilo linaloninyima hamu ya chakula hadi leo. Walisogeza viti vikakaa sawa. Mgeni rasmi alisema kilichotokea kimethibitisha utayari wetu. Nilipewa cheti chako, nikapigwa picha katikati ya watu wanaotabasamu, wakati hakuna aliyejua kama yule mtoto ni mzima. Kisha wakatangaza kwamba redio yako itawekwa ofisini, kwenye kabati la kioo, iwe kumbukumbu.

"Hapana," nilisema. "Ina kazi nyumbani." Niliibeba mikononi nikatembea nayo kwenye mvua, nimeifunika kwa kile kitambaa chao cheupe.

Mtoto anaitwa Riziki. Walimtoa. Nilipokwenda kumtazama wodini jioni ile, mguu wake ulikuwa kwenye plasta, na Mzee Saidi alikuwa pembeni yake, kanzu yake ina matope hadi magotini.

"Tuliisikia hotuba yote, mwanangu," aliniambia. "Tumeishikilia redio juu ya maji, nayo inatuhutubia."

Riziki akaniuliza, "Dada, yule baba alikuwa anaongea na nani?"

Nilimmenyea chungwa.

Cheti chako Baba amekitundika sebuleni. Napita nikiangalia upande mwingine. Mtendaji akiniona barabarani ananiita mrithi wa shujaa, nami namwamkia shikamoo kwa sababu ungenigombeza nisipofanya hivyo, lakini mdomo unabaki mchungu kama nimelamba betri. Najua wengine kama wewe, huko waliko, wanafurahia kutambuliwa, na wanastahili. Sikasirikii sheria. Kinachonikinaisha ni kwamba mikono iliyokata waya ndiyo hiyohiyo iliyopanga maua.

Waya wako, tulioushusha kwa ajili ya hafla, uko juu tena. Baba alipanda, mimi nikashika ngazi. Mama Jeni alisimama na beseni lake la kanga, akautazama, kisha akaenda kuanika kwenye uzio wake.

Nasoma kwa ajili ya mtihani wa leseni. Mpaka nifaulu sigusi kitufe. Nikimaliza kazi za shule naiwasha tu, nakaa pale nilipokuwa nakaa miguuni pako, nasikiliza kama kuna anayeita.

Leo nimeongea mimi peke yangu, Shangazi, na kwa muda mrefu. Naachia sasa. Naacha pengo.

Mtoto wa kaka yako