Telefone Haiimbiwi Kasala

Yaya Béa, jambo sana toka Likasi!

Ulisema nitafukuzwa kazi hii ya kusindikiza wageni siku ya kwanza? Kaa chini, usome. Leo nilimupeleka madame profesa, ule mwenye kuandika kitabu juu ya kasala, sifa za ukoo za Wakasai, mpaka mtaa wa Panda kwa Kaku Ngalula, bibi anayezijua zote. Madame akaweka telefone mezani: "Kaku, anza tu."

Kaku akacheka. "Nisifu nani? Hii telefone iko na babu?" Akarudilia kuchambua sombe yake, majani ya muhogo. Bila kasala ile, safari yote ya madame ni bure.

Minye nikasimama: "Kaku, nisifu minye!" Nikamutajia baba, babu, mpaka babu ya babu. Yaya, akaacha majani, akapaza sauti mpaka majirani wakajaa uwanja wa lupango, akaniita mutoto wa watu waliovuka mto Lubilanji bila kulowa! Telefone ilichukua yote.

Lakini mwenye kusifiwa lazima atoe zawadi. Sikuwa na kitu, nikavua ile shati uliyonishonea, nikamupa Kaku. Imemukaa vizuri kuliko minye.

Minye niliyeshindwa darasa la tano, niko ndani ya kitabu cha universite! Busu kwa mama, na weye anza kushona ingine.

Mudogo wako mukubwa,
Trésor