Mama na Minyoo ya Tanga

Aika, uko? Usinipigie, nalia.

Mama amemwaga minyoo yangu bapa. Yote! Hata ule wa zambarau wenye ukingo wa njano niliokutumia picha, ule nilioutoa kwenye miamba kule Tanga, profesa akasema hajawahi kuuona. Ameumwaga chooni.

Kosa ni langu. Asubuhi nilikuwa naongea na profesa kwa simu, nikasema kwa sauti, "Minyoo ninayo, nimekuja nayo nyumbani, iko kwenye friji." Mama alikuwa mlangoni anamenya ndizi. "Minyoo ninayo," Aika! Mimi na mdomo wangu!

Nimeenda kukata majani ya ng'ombe, narudi nakuta chupa niliyoihifadhia imesuguliwa kwa majivu, inakauka juani.

Namuuliza, ananiambia, "Mwanangu, hospitali wanataka choo kidogo tu cha kupima. Chupa nzima ya nini, tena karibu na maziwa?"

Nikamwambia, mama, hiyo ni ya baharini, imetoka Tanga. Ndipo akaanza kulia: "Kumbe umeipatia huko!"

Picha ninazo, lakini rangi hudanganya. Ili kujua jina la mnyoo lazima uukate, uangalie viungo vya ndani kwa darubini. Sasa nikate nini? Utafiti wangu wa miaka miwili umeishia kwenye shimo la choo.

Halafu ameshanunua dawa ya minyoo. Amenisimamia na kikombe cha maji mpaka nikameza. Nimemeza, Aika.

Akaniuliza, "Unajisikia nafuu?"

Nikasema ndiyo, mama.